Ngoma Iufaayo Mguu

Msomaji, neno "zuri" ni neno la hatari kinywani mwa mhakiki. Hutamkwa upesi, hupokewa upesi, na likisha kupokewa huziba mlango wa maswali. Mtu akikwambia kuwa wimbo fulani ni mzuri, yafaa umwulize: mzuri kwa kazi gani? Wimbo wa kumbembeleza mtoto ni mzuri ukimletea usingizi. Wimbo wa arusi ni mzuri ukiwainua walioketi. Ukiuweka wa kwanza mahali pa wa pili umeziharibu shughuli zote mbili, wala hapana mtunzi wa kulaumiwa ila wewe uliyechagua. Kanzu iliyoshonwa vizuri kwa kipimo cha mtu mwingine ni kanzu nzuri bado, lakini haikufai kuivaa.

Katika insha hii nataka tukihakiki kipimo kimoja cha muziki ambacho vitabu vya shule havikitaji sana, nacho ni kipimo cha mguu. Vijana wengi siku hizi hukimbia, na wengine huendesha baisikeli, huku muziki unalia masikioni mwao. Nenda Tononoka, katika kisiwa cha Mombasa, ukauzunguke uwanja alfajiri kabla jua halijawa kali, au jioni linapolegea, utawaona. Mmoja anakimbia kwa raha kama aliyebebwa na upepo. Mwenzake, mwenye afya ile ile na umri ule ule, anajikwaa ndani ya hatua zake mwenyewe, kwa kuwa sikio lake linamwamuru jambo moja na mguu wake unataka jingine. Kutoka majumba ya jirani na magari ya abiria yapitayo hutoka taarab, rumba, benga na nyimbo za ng'ambo, zote kwa pamoja. Katika wingi huo, ni muziki upi uifaao hatua ya mkimbiaji na mzunguko wa mwendesha baisikeli? Nasi tutaujuaje?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ni mlango wa jambo hili, ingawa si nyumba yake. Kimbia mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu ni mara ngapi mguu wako wa kulia unagusa ardhi katika nusu dakika. Zidisha idadi hiyo kwa 4, nawe umepata hatua za miguu yote miwili kwa dakika moja. Mwanafunzi ahesabuye 41 anapiga hatua 164. Kwa baisikeli, hesabu ni mara ngapi goti la kulia linapanda juu katika nusu dakika, uzidishe kwa 2. Hiyo ndiyo mizunguko ya pedeli kwa dakika. Goti likipanda mara 38, mizunguko ni 76. Na kwa kuwa kila mzunguko una misukumo miwili, mmoja wa kila mguu, misukumo ni 152. Sasa keti, usikilize wimbo, upige kidole mezani kwa kila pigo kuu. Hesabu kwa robo dakika, zidisha kwa 4, nawe umeujua mwendo wa wimbo huo.

Ukiwa na hesabu hizo mbili unaweza kuzilinganisha. Zingatia kwamba si lazima ziwe sawa. Wimbo wa mapigo 82 humfaa mkimbiaji wa hatua 164 kama vile wimbo wa mapigo 164 unavyomfaa, kwa kuwa kila pigo litauangukia mguu mmoja, na nafasi iliyo baina ya mapigo itauangukia mguu wa pili. Wakimbiaji wengi hupiga hatua baina ya 150 na 180 kwa dakika. Waendesha baisikeli wa mashindano hupenda mizunguko 80 hadi 100, na mtu aendaye sokoni kwa starehe huenda akaridhika na 60.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu kuna namba moja iliyopata enzi kubwa kuliko haki yake. Mwaka 1984, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Los Angeles, mwalimu wa mbio wa Marekani aitwaye Jack Daniels alihesabu hatua za wakimbiaji mashuhuri, akaona kwamba karibu wote walipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Alisema kweli, na alichokiona kilikuwapo. Lakini kweli hiyo ilipokwisha kusafiri dunia nzima ilifika kwa watu wengi kama amri. Watu wakaanza kukusanya nyimbo za mapigo 180, au 90 ambayo ni nusu yake, na kuwapa vijana wa kila kimo na kila kasi wazikimbilie.

Yatazame mambo mawili ambayo namba hiyo haisemi. Kwanza, wale waliohesabiwa walikuwa katika mashindano, nao walikuwa wakienda mbio kwelikweli. Hatua za mtu mmoja huongezeka anapoongeza kasi na hupungua anapopunguza. Pili, miguu ya watu haikuumbwa kwa urefu mmoja. Kijana mrefu akimbiaye polepole kwa hatua 160 hana kosa la kusahihishwa kwa ngoma. Akilazimishwa kupiga 180 kwa kasi ile ile, atakuwa anakatakata hatua kama mtu avukaye matope. Kwa hiyo, msomaji, pima mguu wako kwanza, kisha utafute wimbo. Mwenye kuanza na wimbo amemkabidhi mgeni funguo za nyumba yake.

Baada ya hesabu huja sifa nyingine tatu, na bila ya hizo hesabu haina kazi. Ya kwanza ni uwazi: pigo kuu lisikike bila ya kutafutwa, hata katika kelele za pumzi na za njia. Ya pili ni uthabiti: mwendo usipande na kushuka ovyo. Ya tatu naiita utii, nayo ni nafasi ambayo wimbo unakupa ya kupunguza mwendo mwili unapodai. Tuzipime sasa baadhi ya ngoma na nyimbo za kwetu kwa mizani hiyo: kasi, uwazi, uthabiti na utii.

Tutangulize beni, kwa kuwa ndiyo ngoma ya pwani iliyotungwa makusudi kwa ajili ya miguu iendayo. Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikachukua mfano wake katika bendi za tarumbeta za kijeshi na za misheni, kama ile ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, ameeleza jinsi vyama vya Kingi na Scotchi vilivyoshindana Mombasa kwa mavazi, vyeo na maandamano. Gwaride la jeshi la Waingereza, ambalo beni ililiiga, huenda hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Basi muziki ufuatao gwaride una uwazi mkubwa na uthabiti mkubwa, kwa sababu ngoma kuu hupiga pale pale unapokanyaga. Lakini kasi yake ni ya kwenda, wala si ya mbio. Mkimbiaji wa hatua 164 akijaribu kuufuata, ama atarefusha hatua hadi ajidhuru, ama atauacha muziki uende zake. Hukumu yangu ni kwamba mwendo wa beni wafaa kwa mwanzo wa mazoezi, mwili unapopashwa moto, na kwa mwisho wake, mwili unapopozwa.

Taarab ni kesi ya namna nyingine. Nani wa Mombasa asiyemjua Zein l'Abdin kwa udi wake, au Juma Bhalo kwa sauti yake na mahadhi yake yenye asili ya Kihindi? Sanaa yao ni kubwa, na kwa sababu ni kubwa inamtaka msikilizaji mzima. Shairi la taarab lina fumbo, na fumbo lataka utulivu. Mara nyingi pigo kuu limejificha nyuma ya madoido ya udi au fidla, likingoja sikio lililokaa kitako. Mtu akimbiaye na taarab ya namna hii atapoteza kimoja cha viwili: ama maneno, ama hatua. Wala si aibu kwa taarab kushindwa kazi ambayo haikuiomba. Jahazi halilaumiwi kwa kutopanda mlima.

Lakini ndani ya taarab hiyo hiyo ya Mombasa kuna tawi lililochukua damu ya chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani. Zuhura Swaleh ndiye mwimbaji aliyejulikana sana kwa kuitia chakacha katika taarab, na taishokoto, kile chombo chenye nyuzi na vibonye kilichotoka Japani, kikilia pamoja na sauti yake. Hapa, msomaji, tumefika mahali ambapo muziki wa kwetu una jambo la kuwafundisha wale wanaoorodhesha nyimbo kwa namba moja tu.

Chakacha huenda kwa duara la mapigo madogo 6. Mapigo hayo 6 unaweza kuyafunga kwa namna mbili: mafungu 2 ya mapigo matatu matatu, au mafungu 3 ya mapigo mawili mawili. Ngoma huzicheza namna zote mbili kwa wakati mmoja, na utamu wake umo katika kuvutana huko. Sasa chukua mfano wa duara lipitalo mara 55 katika dakika moja. Mwenye kuhesabu mafungu mawili atapata mapigo 110. Mwenye kuhesabu mafungu matatu atapata 165. Hesabu ya kwanza ni mwendo wa mtu atembeaye kwa bidii; ya pili ni mwendo wa mtu akimbiaye. Wimbo ni ule ule, na mpiga ngoma hakubadili kitu. Mtu anaweza kuanza kutembea nao, kisha akaanza kukimbia nao, pasipo kugusa chombo chake cha muziki.

Kuna jambo la pili katika hesabu hiyo ya tatu. Katika muziki wa gwaride, pigo zito huuangukia mguu mmoja daima. Likianza na wa kushoto, litabaki kushoto hadi mwisho wa njia. Katika duara la hatua tatu, pigo zito huuangukia mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, na hivyo kila mguu hupata zamu yake ya kuongoza. Jaribu mwenyewe, ukitembea na kusema moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Utaona "moja" inahama kutoka mguu hadi mguu. Kwa hiyo mimi naipa chakacha cheo cha juu kwa kasi na kwa utii. Upungufu wake ni uwazi: mguu usiozoea hupotea baina ya mbili na tatu, na mtu ahitaji kuisikiliza sana nyumbani kabla ya kuitoa uwanjani.

Benga, muziki uliotoka pande za Ziwa Viktoria na kuvuma kwa magitaa ya watu kama D. O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, haina shida hiyo ya uwazi. Ngoma yake ya mguu hupiga kila pigo, gitaa la besi linakwenda pamoja nayo, na gitaa la mbele linarukaruka juu yao kama kware. Kwa mkimbiaji na kwa mwendesha baisikeli ni muziki mwepesi kufuata. Lakini wingi wa nyimbo zake una mwendo wa haraka, na haraka hiyo haipungui hadi wimbo uishe. Tena gitaa linapobaki peke yake bila sauti ya mwimbaji, msikilizaji huhisi kama anafukuzwa. Uwazi ni kamili, uthabiti ni kamili, utii ni mdogo. Yataka mtu ajuaye nguvu zake.

Rumba ya Kongo, na dansi ya kwetu iliyoifuata, kama ya ndugu Kinyonga waliotoka Tanga, wakafika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujulikana kwa jina la Simba Wanyika, ina umbo jingine. Aghalabu wimbo huanza kwa upole, mwimbaji akatoa kisa chake. Kisha huja sehemu ya magitaa iitwayo sebene, na hapo mambo huchangamka. Kwa mtu atakaye hatua moja kwa nusu saa, umbo hilo ni kikwazo. Kwa mtu afanyaye mazoezi ya kupokezana, dakika chache polepole na dakika chache mbio, ni kama lilichorwa kwa ajili yake: kisa ni mapumziko, sebene ni kazi.

Kwa mwendesha baisikeli lazima niongeze neno juu ya chombo chake. Baisikeli yenye gia nyingi humruhusu kushika mizunguko ile ile hata njia ikipanda, kwa kuwa hubadili gia na mguu ukaendelea kama kwanza. Baisikeli nzito isiyo na gia za kubadili, ile inayobeba mikate na makreti ya soda mitaani, haina ruhusa hiyo. Inapoanza kuupanda mgongo wa Daraja la Nyali mizunguko hupungua, upende usipende, na hakuna wimbo wowote uwezao kuibishia njia. Anayeendesha baisikeli hiyo asitafute wimbo wa mapigo sawasawa. Aifuate njia yake tu.

Pengine, msomaji, unauliza: je, yote haya si mawazo ya sikio tu? Muziki huongeza kasi kwelikweli? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres alitangaza alichokiona katika mashindano ya baisikeli ya siku sita katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa maili 19.6 kwa saa. Iliponyamaza, maili 17.9. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo mwanafunzi mwenye shaka njema atauliza: bendi ilipopiga, je, watazamaji hawakuwa wengi zaidi na kelele kubwa zaidi? Nani ajuaye ni tarumbeta au ni macho ya watu yaliyomsukuma mwendeshaji? Namba ile imesimama. Maana yake ndiyo ya kujadiliwa.

Mfano wa pili ni wa mwana wa Afrika Mashariki. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi mjini Birmingham, Uingereza, Februari 1998, vipaza sauti vya ukumbi vilikuwa vikipiga wimbo "Scatman", ambao aliupenda kwa mwendo wake. Watu wengi wakimaliza kusimulia kisa hiki husema: kumbe wimbo ulivunja rekodi! La hasha. Wimbo huo husikilizwa na mamilioni, na mamilioni hayo hayakuvunja kitu. Gebrselassie alikuwa amekwisha kuwa na mguu wake. Alichagua wimbo ulioitikia mguu huo. Tumeirudia kanuni yetu ya kwanza: mguu hutangulia.

Sasa tuangalie upande wa hatari. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, ambaye ameuchunguza uhusiano wa muziki na mazoezi kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba muziki hupunguza hisia ya uchovu, hasa katika kazi ya kadiri. Kazi inapokuwa nzito sana, mwili hupaza sauti yake juu ya muziki. Basi muziki hauuondoi uchovu, huufunika. Na kitu kilichofunikwa bado kipo.

Mombasa si mahali pa kucheza na jambo hilo. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa kisiwani, katika uwanja wa gofu ulio karibu na bahari. Joto na unyevu wa hewa viliwaangusha mashujaa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, alijitoa katika mzunguko wa mwisho; Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Ikiwa bingwa wa namna ile, aujuaye mwili wake kama fundi ajuavyo msumeno wake, alilazimika kusimama, itakuwaje kwa mwanafunzi akimbiaye Tononoka saa nane mchana, benga ikimfukuza masikioni na kumficha kiu yake?

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote baina ya ngoma ya zamani na muziki wa simu. Katika ngoma, mpigaji humtazama mchezaji. Akimwona anachangamka, huongeza; akimwona anachoka, hulegeza, au humpisha mwingine aingie. Mguu na mkono huzungumza. Lakini mpigaji aliyemo katika simu yako hakuoni. Alipiga zamani, mbali nawe, katika chumba chenye kivuli, na atapiga mapigo yale yale ukiwa mzima au ukiwa unaanguka. Haisikii pumzi yako, wala halioni jua lako. Kwa hiyo ile sifa ya utii niliyoitaja, ambayo ngoma hai inayo kwa maumbile, muziki uliorekodiwa hauna isipokuwa wewe uutie kwa akili yako.

Tena haioni njia. Anayekimbia au kuendesha baisikeli kandokando ya barabara akiwa ameziba masikio hasikii honi ya matatu, wala mlio wa pikipiki na tuktuk inayokata kona. Mwendesha baisikeli asiweke kitu masikioni barabarani kabisa. Na mkimbiaji auweke muziki wake ndani ya uwanja. Hata katika mashindano rasmi, sheria za Shirikisho la Riadha Duniani zinahesabu matumizi ya redio, simu na vyombo vya namna hiyo kuwa msaada usioruhusiwa. Mkimbiaji aliyeshindwa kwenda bila wimbo masikioni atajikuta yatima siku ile anayohitaji mguu wake zaidi.

Je, tufanye nini basi? Tuuache muziki? Hapana. Jawabu lipo karibu, nalo lina umri mkubwa kuliko simu. Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hukimbia asubuhi pamoja, mmoja akiongoza wimbo na wengine wakiitikia, huitwa mchakamchaka. Utazame kwa jicho la mhakiki, uone jinsi unavyotimiza masharti yetu yote. Kasi: wimbo umetokana na hatua za wenye kukimbia, basi hauwezi kutofautiana nazo. Uwazi: pigo ni kishindo cha miguu yenyewe. Uthabiti: wengi hawawezi kuyumba kwa urahisi kama mmoja. Na utii, ambao ndio tuliokuwa tukiutafuta kote, umo ndani ya pumzi. Mtu aimbaye huku anakimbia hawezi kupita nguvu zake bila ya kujua, maana sauti humkatikia kabla miguu haijamkatikia. Ukiona huwezi kuitikia, umekwisha kuambiwa upunguze. Walimu wa mbio duniani hutumia kipimo hicho hicho wanapowaambia wanafunzi wao wakimbie kwa kasi inayowaruhusu kuzungumza. Mchakamchaka wamekifikia kwa kuimba.

Mabaharia waliotweka tanga na mahamali waliobeba mizigo bandarini walijua jambo hilo. Nyimbo zao za kazi ziliongozwa na mtu aliyeiona kazi, akaharakisha palipo pepesi na kuvuta palipo pazito. Hawakuhitaji namba, kwa kuwa kipimo kilikuwa hai mbele yao.

Hukumu yangu kwa jumla, basi, ni hii. Katika muziki uliorekodiwa, naupa mwendo wa gwaride mwanzo na mwisho wa mazoezi. Naipa chakacha sehemu ya kati kwa mwenye sikio lililoizoea. Naipa benga mbio fupi za mtu mwenye nguvu, wakati wa baridi ya asubuhi. Naipa sebene mazoezi ya kupokezana. Na taarab ya udi nairudisha barazani, mahali pake pa heshima. Lakini juu ya hizo zote nauweka wimbo auimbao mkimbiaji mwenyewe, kwa sauti au moyoni, kwa kuwa ndio pekee umwonao.

Wala usiipokee hukumu hii kwa kuwa imechapwa kitabuni. Chukua nyimbo tatu unazozipenda, uzipime mezani kwa kidole, kisha uwanjani kwa mguu. Zunguka mara moja na kila wimbo, mara ya nne zunguka kimya, ukiisikiliza pumzi yako tu. Andika hatua zako kila mara, na uandike pia ulivyojisikia baada ya kusimama. Huenda mguu wako ukatoa hukumu nyingine, na ukiwa umeupima kwa haki, hukumu yake ndiyo utakayoifuata kesho alfajiri.